Sura ya Tano: Sijui Kuogelea, Nitawaonaje Samaki?

Kila nikisimulia habari za kisiwa cha Chumbe, mazungumzo huishia mahali pale pale. Msikilizaji hunifuata kwa hamu: samaki wa manjano wenye mistari myeusi, matumbawe yaliyojikunja kama ubongo, ng'amba anayepita taratibu bila kumjali mtu. Kisha hushusha pumzi. "Hayo ni ya wanaojua kuogelea," husema. "Mimi ukinitia kwenye maji ya kifua umeniua."

Neno hili nimelisikia kwa walimu wa Dodoma na wafanyabiashara wa Kariakoo. Nimelisikia pia kwa wanawake waliozaliwa Mji Mkongwe wa Unguja, hatua chache kutoka Forodhani, ambao bahari wanaijua kwa harufu yake na kwa bei ya samaki wake, ila hawajawahi kuingia kupita magoti.

Sura hii ni yao. Jibu fupi ni kwamba unaweza kuwaona samaki hao bila kuwa mwogeleaji. Jibu refu lina masharti, nami nitayaeleza yote, kwa sababu bahari haina huruma na mtu aliyeingia kwa pupa.

Tuanze na neno lenyewe. Snokeli ni kuelea kifudifudi juu ya maji, umevaa miwani inayofunika macho na pua, huku ukipumua kwa mdomo kupitia mrija ambao ncha yake imechomoza hewani. Huzami. Kushuka chini na mitungi ya hewa ni kazi nyingine, ina mafunzo yake na cheti chake. Kwenye snokeli uso umo majini na mgongo uko juani, na mambo unayotakiwa kuyaweza ni mawili: kuelea na kupumua. Kuogelea, yaani kujisukuma kwa mikono na miguu kutoka hapa hadi pale, huja baadaye.

Kisiwa chenyewe

Chumbe ni kisiwa kidogo, hekta 22 hivi, kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar. Boti hutoka pwani ya Mbweni na kufika kwa muda usiozidi saa moja. Kabla hujaona miti utauona mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, wakati wa Waingereza, kuzielekeza meli zinazoingia bandarini. Pembeni yake kuna msikiti mdogo wa watunza taa wa zamani.

Upande wa magharibi wa kisiwa ndiko uliko mwamba wa matumbawe. Kwa miaka mingi wavuvi hawakuruhusiwa kuvua pale, kwa kuwa meli hupita karibu na jeshi lilikuwa na shughuli zake eneo hilo. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza rasmi kuwa hifadhi, na tangu hapo hakuna ndoana, nyavu wala mkuki unaoingia. Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Waliacha kuvua wakaanza kulinda, na ujuzi wao wa mikondo na samaki ukawa ndio shule ya wageni.

Malazi ni nyumba saba tu za makuti. Kila paa hukinga maji ya mvua yakaingia kwenye tangi chini ya sakafu, vyoo havitumii maji, umeme ni wa jua. Msituni kuna paa nunga, mnyama aliyebaki sehemu chache mno duniani, na usiku hutoka kaa wakubwa wanaopanda miti na kupasua nazi kwa magando. Na jambo linalotuhusu zaidi: mgeni haruhusiwi kuzamia kwa mitungi. Kila anayetaka kuuona mwamba wa Chumbe huuona kwa snokeli, awe bingwa wa kuogelea au mtu aliyeiona bahari jana.

Kwa nini maji ya bahari hukubeba

Nilimpeleka huko shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Dodoma. Kwa umri wake wote maji makubwa aliyoyajua ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, tena kwa mbali. Njia nzima alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Kijana wa kutuongoza alipompa mkono kushuka alimwambia, "Shikamoo mama. Leo hutaogelea. Leo utalala." Nilidhani anamliwaza. Kumbe alikuwa anafundisha somo la kwanza.

Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Chumvi hiyo huyafanya maji kuwa mazito kuliko maji ya mto au ya bwawa. Mwili wa mtu wa kawaida, mapafu yakiwa yamejaa hewa, ni mwepesi kidogo kuliko maji hayo, kwa hiyo hubebwa. Umewahi kuona yai bichi likizama kwenye glasi ya maji, kisha ukikoroga chumvi ya kutosha likapanda juu? Ni jambo lile lile. Wapo watu wembamba wenye misuli mingi ambao miguu yao huvutwa chini, na kwa hao jaketi la kuokolea maisha, lile ambalo wengi huliita laifujaketi, humaliza tatizo.

Sasa, ikiwa maji yanatubeba, mbona watu huzama? Sababu kubwa ni kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Kikiwa ndani ya maji, maji hukibeba. Ukikiinua hewani, uzito ule wote unakandamiza mwili, miguu inashuka, nawe unaanza kupiga mateke ili urudi juu. Mateke yanamaliza pumzi. Pumzi ikiisha unainua kichwa zaidi. Hapo ndipo mtu hukata roho kwenye maji ambayo angesimama yakamfika kidevuni.

Hofu hutuambia tuinue kichwa, na maji hututaka tukilaze. Mrija uko kwa ajili hiyo: unakupa hewa bila kukulazimisha kuinua kichwa. Ukilielewa hili umeielewa nusu ya snokeli.

Vifaa, na jinsi ya kuvijaribu ukiwa bado pwani

Usipokee kifaa na kukivaa tu. Kwenye kisiwa kimoja nilichowahi kwenda, ambacho sitakitaja, tulipewa miwani yenye mpira uliopasuka na jaketi mbili kwa watu sita, kisha nanga ikatupwa juu ya matumbawe mbele ya macho yetu. Nilikuwa mgeni wa mambo hayo, nikanyamaza. Leo nisingepanda boti ile, na wewe usipande.

Miwani lazima ifunike pua. Miwani midogo ya bwawani haifai, kwa sababu maji yakibana uso huna pua ya kupulizia hewa ndani. Ijaribu hivi: iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma, vuta pumzi kidogo kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeganda usoni, inakufaa. Ikianguka, omba nyingine. Nywele zikiingia chini ya mpira, maji yataingia. Masharubu mazito nayo huvujisha. Kwa mama au dada aliyevaa ushungi, hakikisha kitambaa kimerudi nyuma ya ukingo wa mpira pande zote, hasa kwenye kipaji cha uso. Mkanda unaweza kupita juu ya kitambaa bila shida yoyote. Kioo kikiwa kinafanya ukungu, tema mate ndani, sugua, suuza kwa maji ya bahari. Wavuvi wamefanya hivyo miaka yote.

Miwani hiyo ina kawaida moja ya kukumbuka. Mwanga unapotoka kwenye maji kuingia kwenye hewa iliyo nyuma ya kioo hupinda, na vitu huonekana vikubwa kwa karibu theluthi moja. Chewa wa sentimita 60 atakujia kama wa 80. Mwambie moyo wako hivyo mapema, kabla hajatokea.

Mrija una urefu wa sentimita 40 hivi. Watu huniuliza kwa nini usiwe wa mita moja ili mtu atazame kwa kina zaidi. Kwanza, hewa uliyoitoa isingetoka yote; ingebaki njiani uivute tena, na hewa iliyotumika haina msaada. Pili, maji yana uzito. Kina cha mita moja tu hukikandamiza kifua kiasi kwamba misuli yako haiwezi kukitanua vizuri ukavuta hewa ya juu. Bana mpira wa mrija kwa meno taratibu, funga midomo kuuzunguka. Maji yakiingia, puliza kwa nguvu mara moja kama unayezima mshumaa, yatatoka kwa juu.

Mapezi, yale yanayovaliwa miguuni, mimi humshauri anayeanza ayaache siku ya kwanza. Yanasaidia kwenda, lakini asiyeyazoea huvunja nayo matumbawe bila kujua.

Vaa fulana ya mikono mirefu. Mgongo wako utakaa juani saa nzima huku maji yakikudanganya kwamba hakuna joto.

Nusu saa kwenye maji ya kiunoni

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, na kosa si lao. Boti inafika, kiongozi ana haraka, wageni wanaambiwa warukie maji ya kina, na yule asiyejua anaona aibu kusema hajui. Sema. Omba nusu saa kwenye mchanga, maji yakiwa ya kiunoni. Kiongozi anayekataa ombi hilo si wa kwenda naye.

Mpangilio ambao shangazi aliufuata ulikuwa huu:

1. Alivaa miwani na mrija akiwa amesimama nchi kavu, akapumua kwa mdomo mpaka akaacha kuhesabu.
2. Aliingia mpaka kiunoni, akapiga magoti, akaweka uso tu majini. Alinyanyuka mara tatu akikohoa. Mara ya nne alikaa.
3. Alivaa jaketi, akashika mikono ya kijana, akanyoosha miguu nyuma na kuiachia ielee yenyewe.
4. Kijana aliachia mkono mmoja. Baadaye wa pili.
5. Mwisho alijifunza kurudi kusimama: vuta magoti kifuani, kandamiza maji chini kwa viganja, shusha miguu. Hili watu hulisahau, na ndilo linaloleta utulivu, maana mtu anayejua namna ya kutoka haogopi kuingia.

Kilichochukua muda mrefu kuliko vyote ni pumzi. Mtu mwenye hofu huvuta hewa fupi fupi za juu juu, kifua hakijai wala hewa haitoki yote, na baada ya dakika mbili anahisi mrija umeziba. Haujaziba. Toa hewa polepole mpaka iishe, kisha iache iingie yenyewe. Kijana alimwambia shangazi atoe pumzi kana kwamba anapoza uji wa mjukuu, na pale pale mabega yake yakashuka.

Kuna wanaopaswa kumwona daktari kabla ya safari: wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilotulia, kifafa, au pumu inayowabana mara kwa mara. Ajali nyingi za snokeli huwakuta watu wa namna hii, wakati mwingine kwenye maji tulivu kabisa. Na hakuna anayepaswa kuingia peke yake, hata awe samaki.

Kwa ufupi: laza kichwa, toa pumzi ndefu, vaa jaketi, jua namna ya kusimama, uwe na mtu ubavuni.

Tazama mwezi kabla ya kupanga safari

Watu wa bara huniuliza bei kwanza. Mvuvi angeuliza mwezi ni wa siku ngapi.

Bahari ya Zanzibar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takribani siku moja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua, na tofauti kati ya maji ya juu na ya chini hufika karibu mita nne. Mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua na mikondo hulegea. Haya huitwa maji mafu. Kwa anayefuata tarehe za Kiislamu hesabu ni rahisi: bamvua huja karibu na mwezi mosi na tena karibu na mwezi 15, maji mafu karibu na mwezi nane au tisa, kisha mwezi 22 au 23.

Kwa asiyejua kuogelea, maji mafu ni rafiki. Mkondo hauvuti kwa nguvu na kina hakibadiliki haraka. Kwenye bamvua maji yakipwa, mwamba hubaki karibu sana na tumbo lako, utachubuka wewe nao utavunjika; yakianza kwenda, yanakwenda nawe. Tena Unguja siku za bamvua maji hupwa kabisa majira ya saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo boti nyingi za wageni zinafika. Siku za maji mafu, saa nne ndipo yanapokuwa yamejaa.

Kuhusu majira ya mwaka, kaskazi kati ya Desemba na Machi huleta bahari tulivu na maji maangavu. Masika huleta mvua na tope kutoka mitoni. Kusi, Juni hadi Septemba, huchafua bahari upande wa mashariki wa Unguja, ila mwamba wa Chumbe umejificha magharibi mwa kisiwa, hivyo hupata afueni.

Unachokitazama ni nini

Ukishaelea na pumzi ikatulia, utatazama chini na kudhani unaona mawe na maua. Siyo. Tumbawe ni mnyama. Kwa usahihi zaidi ni kijiji cha wanyama wadogo laini, kila mmoja na mdomo wake uliozungukwa na vijimkono vya kunasia chakula. Mnyama huyo huitwa polipu. Chini yake hujijengea nyumba ya chokaa, na akifa nyumba hubaki, mwingine akajenga juu yake. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale na chokaa yake. Aliyewahi kuegemea ukuta kule akisubiri kahawa ameshaliegemea tumbawe.

Ndani ya mwili wa polipu huishi viumbe vidogo mno, jamii ya mwani, visivyoonekana kwa macho. Polipu huvipa makazi, navyo hupika sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenye nyumba. Rangi nyingi unazoziona ni za wapangaji hao. Ndiyo maana matumbawe hupenda maji ya juu, yenye mwanga, mahali ambapo mtu wa snokeli anaweza kuyaona bila kuzama.

Maji yakipata joto la ziada, nyuzi moja tu juu ya kiwango cha juu cha kawaida kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika. Polipu huwatoa wapangaji na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Hali hii huitwa kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa bado, lakini lina njaa; joto likishuka mapema linaweza kupona. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi sana magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mwaka 2016 yakapauka tena. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Lenye ukubwa wa meza ya chakula huenda lilianza kabla babu yako hajazaliwa.

Halafu sikiliza. Ukituliza mrija utasikia mlio wa kukwaruza, kama mtu anayeparura chungu. Huyo ni pono, samaki wa kijani na buluu mwenye meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Anakwaruza mwani juu ya mwamba, anasaga na chokaa humo humo, kisha anatoa unga mweupe kwa nyuma. Pono mkubwa hutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe unaopigiwa picha visiwani imepita tumboni mwake. Pia ni mfagizi: pasipo pono mwani hufunika mwamba, na polipu wachanga hawapati pa kushika. Mahali palipovuliwa pono wote pakapauka mara moja, kupona huwa kugumu. Namwona sokoni akiwa amepangwa kwenye mafungu na moyo unaniuma, ingawa najua mvuvi naye ana watoto wa kulisha.

Utaona na wengine: changu, kangaja, mkundaji mwenye ndevu akichimbachimba mchanga, mkunga aliyetoa kichwa shimoni, kiti cha pweza cha buluu. Kuna wa kuwakwepa, kama wale wenye miiba mirefu myeusi wanaojibanza kwenye nyufa, na samaki-jiwe aliyefanana kabisa na mwamba huku mgongoni ana sumu kali. Wote hao hawakufuati. Huwadhuru wanaokanyaga.

Ndiyo maana kwenye mwamba hatusimami. Unyayo mmoja huvunja kazi ya miaka 20, na unyayo huo huo ndio unaompata samaki-jiwe. Ukichoka, geuka chali, jaketi litakubeba, inua mkono ufuatwe. Chumbe boti hufungwa kwenye maboya yaliyowekwa tayari, nanga haitupwi.

Kama Chumbe ni ghali

Na ni ghali kweli kwa mshahara wa kawaida, ingawa hifadhi hupokea wanafunzi wa Zanzibar kwa mafunzo. Wa Dar es Salaam ana Mbudya na Bongoyo, visiwa vilivyotengwa tangu mwaka 1975 pamoja na Pangavini na Fungu Yasini. Mbudya unaifikia kwa boti kutoka Kunduchi kwa muda mfupi. Uvuvi wa baruti uliumiza miamba ya huko kwa miaka mingi, hivyo usitarajie wingi wa Chumbe, ila kwa kujifunza kulaza kichwa panatosha kabisa. Wa Mombasa anaweza kwenda Shimoni, apande boti hadi Kisite, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini. Wa Malindi na Watamu wana hifadhi za bahari mlangoni pao tangu mwaka 1968.

Siku ile tulikwenda mwezi wa siku ya tisa, maji yakiwa yamejaa saa nne na nusu. Shangazi alikaa juu ya mwamba dakika 40, kijana akimvuta polepole kwa boya la duara. Mimi nilikuwa nyuma yao. Nilimwona akinyoosha kidole chini, akikirudisha, akikinyoosha tena, na kupitia mrija nikasikia sauti yake, maneno yasiyoeleweka, kama mtu anayezungumza usingizini.

Alipopanda botini alikuwa na alama nyekundu ya mpira usoni. Hakusema habari ya samaki. Alijifunika kanga, akanywa chai, akamwita kijana.

"Mwanangu, kesho maji yanajaa saa ngapi?"

"Kesho yatachelewa mama. Saa tano na ushei, karibu saa sita."

Akanigeukia. Tiketi zetu za kurudi Dar zilikuwa za asubuhi.